Baiskeli ya Kukunja Isiyokunjika

Nyie mabinti wa chanjo mmenisumbua weee, mpaka nimekaa kitako. Kila nikipita kituoni kuwasalimu, na tangu nistaafu napita karibu kila siku kwa sababu nyumbani hakuna wa kugombana naye, mnaniuliza swali lile lile: "Mamã Zuhura, njia ya Nhica ulikuwa unaiendaje?" Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana vinaenea kwenye mstari mmoja na nafasi inabaki. Mshahara nao mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia nyie. Nitawaeleza siku za mwanzo, na Dona Filomena aliyenifunza kazi, na ile baiskeli yangu ya manjano mnayoicheka chini chini kwa kuwa ina bawaba katikati na haikunjiki. Leo mtajua kwa nini.

Siku ya kwanza kuingia kituo cha afya cha Palma nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Dona Filomena alikuwa mlangoni. Mmakonde wa Mueda, mrefu, rozari shingoni, na sauti ya kumwitia mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliniangalia juu mpaka chini, hakusema karibu wala hujambo. Aliniwekea mikononi lile sanduku la baridi la chanjo, limejaa barafu, akasema, "Pakata."

Nikapakata. Nikamwuliza niliweke wapi.

"Nani kakwambia uliweke? Pakata mpaka jioni."

Wallahi nilishinda nalo. Nilikula wali kwa mkono mmoja sanduku likiwa mapajani. Jioni mapaja hayana habari, nikadhani mama huyu ana roho mbaya. Baadaye ndiyo nikaelewa. Kwenye chapa, yaani gari la abiria, wengine wote wanasukuma mizigo chini ya benchi, na chini ya benchi ndiko joto la injini linakopita. Sanduku likikaa huko, ukifika kijijini unadunga watoto maji tu. Mtu aliyezoea kulipakata siku nzima, hata asinzie, mikono haiachii.

Mengine alinifunza njiani. Uliza jina la mtoto kabla ya kuuliza kadi, kwa sababu mama aliyepoteza kadi akiulizwa kadi kwanza anaanza kutafuta njia ya kuondoka. Fungua kifuniko cha sanduku kidogo tu, kama unayechungulia nyumba ya watu. Na mama aliyechelewa usimgombeze mbele ya wenzake. "Ukimgombeza leo, mwezi ujao humwoni," alisema, na yeye mwenyewe alikuwa mgombezi kuliko watu wote wa mkoa wetu wa Cabo Delgado, ila alitugombeza sisi tu.

Njia yetu ngumu ilikuwa ya Nhica do Rovuma. Unapanda chapa Palma, unashuka Nhica, halafu vijiji vya ndani unavifuata kwa miguu, mchanga unakushika vifundo. Huko ndani alikuwapo mama mmoja, Rehema. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua mwaka mmoja ambao chanjo haikufika kabisa. Alipozaa wa pili, Salima, hakukosa hata mara moja. Nilikuwa nikifika nimechoka hoi, namkuta amekaa njiani na mtoto mgongoni, ananitazama mikono kwanza kuona kama sanduku lipo, ndipo anitazame uso.

Basi ikaja gesi, ile iliyogunduliwa baharini. Siku hizi mnaisimulia kama ngano, lakini sisi tuliiona ikiingia. Kwanza meli kwa mbali, halafu watu wa kofia ngumu na viatu vizito, halafu wapangaji katika kila chumba chenye bati. Nyanya za Mtwara zikawa zinanunuliwa kabla hazijafika sokoni. Jirani yangu mmoja aliwatoa mbuzi bandani, akapaka chokaa, akapangisha, na mpangaji alimshukuru. Sikatai, watu wengi walipata riziki. Ila magari, Mungu wangu! Kila chombo chenye magurudumu manne na pumzi kikakodishwa na wakandarasi. Njia ya Nhica ikabaki na gari moja la chapa, pikapu aliyoiendesha Saidi, nayo ilibaki kwa sababu hakuna mkandarasi aliyeitaka.

Pikipiki ya kituo ilikuwa imeshakufa zamani, ikisubiri kipuri. Magoti ya Dona Filomena nayo yakakataa kazi, akastaafu, nikabaki na njia peke yangu. Nikishuka Nhica, kwa miguu nilikuwa nafika kijiji kimoja tu cha ndani, jua linanigeuza. Vijiji vingine vinangoja, vinachoka, kina mama wanakwenda zao mashambani. Mkuu wa kituo wa wakati ule akaniita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na sanduku moja na njia nyingi.

"Zuhura, barafu inakwenda Nhica na dawa inarudi. Safari ijayo ndiyo ya mwisho ya kupima. Kina mama wakijitokeza, njia inabaki. Wakiwa wale wale wachache, naifunga. Watakuja Palma wenyewe."

Watakuja Palma kwa kipi, kwa mbawa? Lakini hilo nililisema nikiwa nje. Nilichofikiri ni Rehema amekaa njiani na Salima mgongoni, na mie sitokei. Usingizi ulinipaa.

Mtaniuliza, si ungenunua baiskeli? Nilimwuliza Saidi, naye kama mji mzima aliniita enfermeira badala ya nesi. Akanionyesha juu ya gari: magodoro ya kambi, mabomba, saruji. "Baiskeli haipandi, enfermeira. Hata baiskeli ya baba yangu mzazi haipandi." Na kwenda Nhica moja kwa moja kwa baiskeli kutoka Palma, mie, mwanamke mtu mzima niliyekuwa sijawahi kupanda baiskeli hata ya kusukumwa? Toba.

Jibu nililiona kwenye ngazi za soko la samaki. Mhandisi mmoja mgeni, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, alishuka kwenye boti amebeba kitu mfano wa begi. Akakitua, akakivuta hapa, akakisukuma pale, twa! Baiskeli. Akaipanda akaenda zake. Wauza samaki waliacha kupunga nzi. Mie niliacha chenji yangu kwa muuza changu nikakimbilia kwa Mfaume.

Mfaume alikuwa fundi baiskeli, mtu mwembamba anayezungumza na spoki kuliko na watu. Nilimwambia nataka baiskeli ya kukunja, iwe ya bei ya mtu wa serikali, na sijui kupanda.

"Hujui kupanda, halafu unataka inayokunjika?"

"Ndiyo."

"Ukiwa juu yake?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alifunga kibanda, tukaenda wote kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akileta vitu vilivyotumika kutoka Mtwara, vigari vya watoto, mafeni, viti vya ofisi. Za kukunja zilikuwa tatu. Moja ya buluu, inang'aa, magurudumu madogo kama sahani. Moja nyekundu yenye gia. Na moja ya kijani, imechunika, sura ya kitu kilichosahauliwa mvuani.

Moyo wangu ulikuwa umeshaolewa na nyekundu. Mfaume hakuitazama hata rangi. Aliishika kiti kwa mkono huu na usukani kwa mkono huu, akaitikisa. Ka, ka, ka. "Unasikia? Bawaba imelegea. Baiskeli ya kukunja ni bawaba, mengine yote ni mapambo. Ikigonga ukiwa dukani, mchangani itakutupa." Na gia zake zilikuwa zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Alisema zikifa hakuna mkono wa kuzifufua toka hapa mpaka Pemba, makao ya mkoa, wa kwake ukiwemo.

Ya buluu nikaipenda kwa wepesi. Akaniambia nibonyeze gurudumu mchangani. Likazama lote. "Na mpira wake utaununua wapi? Ya ile ya kijani ni inchi ishirini, sawa na baiskeli za watoto. Mpira wake hata Awasse njia panda unauziwa pamoja na sukari."

Basi tukaja kwenye ile ya kijani. Akaitikisa, kimya. Akaifunga na kuifungua lachi ya bawaba, kile kifungio chake, mpaka mwenye duka akaanza kukunja uso. Akaniamuru nipande na kapulana yangu ya kujifunga kiunoni kama nilivyo, na hapo ndipo nilipoanza kuielewa, kwa sababu fremu yake iko chini, unaingiza mguu kama unayevuka kizingiti, husumbui mtu na mapaja yako. Ilikuwa na kerieri nyuma ya kufungia sanduku, na bati la kufunika mnyororo. Hilo bati msilidharau. Mnyororo usiofunikwa unakula kapulana, nao hauchagui, unakula hata ya arusi. Mwisho akaniambia niikunje, niibebe begani na kikapu cha vyuma vyake vya kazi begani kwingine badala ya sanduku, nizunguke soko. "Usiyoweza kuibeba hapa, hutaweza kuipandisha kwa Saidi." Nikazunguka. Watu wakaniuliza nahama. Niliporudi nilikuwa nahema, lakini nimerudi nayo, na bei yake ilikuwa ya kitu kibaya, ndiyo iliyonifaa. Nyekundu niliiaga kwa macho tu.

Kujifunza nilijifunzia ufukweni, maji yakiwa yametoka, pale mchanga unapokuwa mgumu. Kosa langu ni kusahau kwamba maji yakitoka ndipo kina mama wote wa Palma wanashuka kuchokoa kombe. Nilikuwa na mwalimu mmoja na mashabiki mji mzima. Mfaume ameshika kiti, anakimbia nyuma yangu, anapiga kelele, "Tazama mbele! Usitazame gurudumu, halitakimbia!" Na kina mama nao, "Enfermeira, kaza tako!" "Mwacheni, anakwenda kudunga samaki!" Nilikula mwereka wa kwanza, wa pili, nikaacha kuhesabu. Mara moja nilimkosa bibi mmoja padogo, nikaingia kwenye beseni lake la kombe. Akanitazama nimekaa ndani, akasema taratibu, "Mwanangu, hapo ni pangu." Siku niliyosikia sauti ya Mfaume inatoka mbali nyuma yangu, nikajua kumbe ameachia zamani. Nilipiga ukelele wa furaha nikaanguka hapo hapo.

Nilipoweza kwenda na kusimama bila kuchagua mtu wa kumgonga, nikafanya safari ya majaribio na Saidi. Nikafika stendi, nikaikunja, twa, nikaisukuma chini ya benchi. Saidi akashangilia. Lakini ndani ya gari abiria waliikodolea macho. Kisha mama mmoja akanishika mkono.

"Pole, dada. Imekatika."

"Haijakatika. Ndivyo ilivyo, inakunjwa."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, kwa sauti ile tunayozungumza na mfiwa. "Pole sana."

Kila nilivyoeleza, ndivyo walivyozidi kunipa pole. Mzee mmoja akasema chuma cha siku hizi hakina imani. Walidhani najikaza kwa aibu. Nilishuka kijiji cha karibu, wao wakaendelea na gari mpaka Nhica, nikaona wananigeukia kwa huruma mpaka vumbi likatufunika. Nilicheka peke yangu, nikaisahau habari hiyo. Abiria hawakuisahau.

Sasa nimtaje Bakari, mdogo wake mume wangu. Mama yao alipofariki Bakari alikuwa mdogo, akaja kwangu, nikamlea kwa sufuria yangu. Alikua mzuri, mpole, ila kazi hapati. Gesi ilipokuja akaajiriwa karakana ya wakandarasi, kwanza kufagia, baadaye wakamfunza kuchomelea vyuma. Mkataba ulipokwisha akarudi na ujuzi, na mashine ya zamani, na jenereta, akafungua kibanda ng'ambo ya stendi. Na kwetu mnajua ilivyo: mtu akipata ufundi, kazi ya kwanza ya mkono wake haiuzwi, ni ya aliyemlea. Huipangii wala huiombi. Unaletewa, nawe unapokea kwa mikono miwili.

Siku moja kabla ya safari yangu ya Nhica nilikuwa arusini kwa mpwa wangu, kupika. Baiskeli niliiacha barazani, imekunjwa, imeegemea ukuta. Alasiri nimerudi, nanuka pilau, nikamsikia Bakari mlangoni.

"Shemeji, funga macho."

"Nifunge macho kuna nini, umeoa?"

"Funga bwana."

Nikafunga. Nikafungua. Baiskeli imesimama wima katikati ya ua, manjano tupu, manjano ile ya mashine za kambini, inang'aa kama sinia. Na pale kwenye bawaba, kuzunguka pande zote, mshono wa chuma mnene kama kidole gumba.

"Nimesikia kahawani," Bakari akasema, na macho yanamlengalenga. "Watu wanasema baiskeli ya shemeji yako imekatika vipande viwili, anaona haya, anasema eti inakunjwa. Nimeumia. Kwa nini hukuniambia? Nikaja, nikaikuta hapo imelala vipande. Shemeji, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza. Nimeanza na wewe. Haikatiki tena hii mpaka kiama."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameketi kibarazani, kiganja mdomoni, anatazama paa. Alikuwa amechelewa kufika kumzuia, kama kawaida yake.

Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nilitaka kukaa chini. Nikashika mikono ya Bakari yote miwili, imejaa malengelenge ya cheche. "Ahsante, baba. Mungu akuzidishie." Nikaipanda nikazunguka nayo ua, naye akanipigia makofi. Nilimpenda sana siku ile, na ningeweza kumtia kibao.

Nikaenda mbio kwa Dona Filomena. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa, halafu akasema "Nossa Senhora!" akaanza kucheka, akafungua mkanda wa gauni, akaendelea kucheka.

"Dona, mie kesho nina safari ya kufa kupona, nawe unacheka?"

"Utamwambia mtoto wa watu?"

"Simwambii. Kwa mdomo upi?"

"Basi wewe ipeleke tu stendi. Ukikataliwa, miguu uliyozaliwa nayo ipo." Akafunga mkanda. "Na lipakate."

Asubuhi Bakari akakataa nisukume baiskeli mwenyewe. Akaisukuma yeye, anapiga kengele njia nzima, anasalimu hata wasiomjua, mie nyuma na sanduku langu. Saidi alipotuona akafurahi.

"Karibu, enfermeira! Haya ikunje, tuondoke."

Nikamkonyeza. Nilimkonyeza kwa jicho hili, na kwa hili, na kwa kichwa kizima. Saidi si mtu wa kukonyezwa.

"Ikunje, mama! Kama siku ile! Inavyofanya pale kati, twa!" Na mikono yake ikaonyesha.

Kengele ikanyamaza. Bakari akanitazama, akaitazama baiskeli, akautazama mshono wake.

"Shemeji. Ilikuwa inakunjwa kweli?"

"Ilikuwa."

"Ikiwa nzima?"

"Ikiwa nzima, baba."

Alichuchumaa hapo hapo, kichwa mikononi. Stendi yote ikasogea kutazama. Nilimhurumia sana. Nikamwambia, "Inuka bwana. Za kukunja wanazo hata wahandisi. Ya kukunja isiyokunjika ninayo mie peke yangu." Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Nitaikata sasa hivi."

"Ukiikata ndiyo itakuwa imekatika kweli, na barafu hii hainisubiri."

Akainua uso. Akalitazama sanduku, akaitazama pikapu ya Saidi kwa nyuma. Ile ngazi ya kupandia abiria ilikuwa inaning'inia kwa waya, kila mtu anaikanyaga na bismillahi yake.

"Saidi, ngazi hii nikikuchomelea bure, utaniacha nichomelee na kitu kingine?"

"Kitu gani?"

"Kulabu mbili. Hapo nyuma."

"Gari la tajiri hili."

"Tajiri wako hajawahi kuikanyaga hiyo ngazi. Abiria ndio wanaoikanyaga."

Abiria wakaunga mkono kwa kelele, na mama mmoja mnene akasema yeye hapandi tena mpaka ngazi ishike. Saidi akashindwa. Bakari alivuka barabara mbio akarudi anaburuta mashine, na jenereta nyuma yake kwenye mkokoteni. Mie nikakaa kivulini, sanduku mapajani, nimelifunika kapulana niliyoilowesha, mikono yangu imelishika kama siku ya kwanza. Cheche zikaruka, kila abiria akawa fundi, huyu anasema juu kidogo, huyu anasema hapana. Nondo mbili zikapindwa zikawa kulabu. Akaipachika baiskeli, ikaning'inia nyuma ya gari, manjano, magurudumu nje. Akaitikisa kwa nguvu zake zote kama Mfaume, akasikiliza. Kimya.

"Nenda, shemeji," akasema. Hakunitazama. Nilimshika shingo nikambusu kichwani mbele ya watu, sikujali.

Njia nzima niliinamia sanduku nikiisikiliza barafu. Bado ilikuwa inagongana. Lakini tumechelewa, na nilijua maana ya kuchelewa: kina mama wangekuwa wameshaondoka, na mkuu angeifunga njia. Tulipokaribia Nhica nikaona kwa mbele kandokando ya barabara kapulana nyekundu, za buluu, za kijani, wanawake wamejaa mpaka kwenye kibanda cha kununulia korosho.  Kwetu wanawake wengi vile wakikaa pamoja asubuhi, ni msiba. Nikaanza kumtafuta Rehema kwa macho. Nikasema, Mungu wangu, isiwe Salima.

Rehema akatoka katikati yao, Salima mgongoni, mzima, ananyonya kidole. Akanitazama mikono, akaona sanduku. Kisha akanishika.

"Pole, dada. Pole na baiskeli."

"Baiskeli?"

"Watu wa gari wametuletea habari imekukatikia vipande viwili. Tukasema, atakuja kwa miguu na lile sanduku, atafika hapa tu, huko ndani hataweza. Tukapelekeana habari shamba kwa shamba. Tukasema safari hii tumfuate sisi."

Vijiji vyote vya ndani vilikuwapo. Walikuwapo kina mama niliokuwa nikiwajua kwa majina ya watoto wao tu, na wengine niliokuwa siwajui kabisa. Mmoja alileta kamba za magome na vijiti viwili vilivyochongwa vizuri, vya kuigangia baiskeli mahali ilipovunjika. Akainua macho, akaiona imening'inia nyuma ya Saidi, nzima, ya manjano.

"Kumbe imepona!"

Nikafungua mdomo nieleze habari ya bawaba, na lachi, na mhandisi. Nikaufunga.

"Imepona," nikasema. "Shemeji yangu kaiunga."

Tulichanjia pale kwenye kibanda cha korosho. Saidi mwenyewe aliacha gari akawa anapanga mstari, na hakuna aliyemwomba. Salima alilia kidogo akanipiga teke. Rehema alicheka, halafu akageuka pembeni akajifuta macho na ncha ya leso, na mie nikajifanya natafuta pamba. Nilirudi Palma na sanduku halina hata chupa moja. Mkuu wa kituo alilifungua mwenyewe, akatia mkono, akasikia barafu tupu. Alisema, "Njia inabaki." Nilikwenda nyuma ya kituo nikacheza peke yangu, na nyie mnaojua nyuma ya kituo mnajua si mahali pa kuchezea.

Kwa hiyo siku iliyo bora kuliko zote katika kazi yangu, baiskeli sikuipanda hata hatua moja. Niliipanda baadaye, miaka mingi, vijiji vyote vya ndani, ikisafiri kwenye kulabu zake. Magari mengine yakaja kwa Bakari kutaka kulabu kama za Saidi, na hizo mnazoziona leo nyuma ya kila chapa la njia ile zilianzia pale. Mshono wake haujatoa hata ufa. Salima yuko shule, na bado akiniona anaushika mkono wake uliodungwa.

Nimesikia Anifa, anayeichukua njia yangu, amenunua baiskeli ya kukunja mpya, nyekundu. Nimekwenda kuitikisa, bawaba iko kimya, amechagua vizuri. Ila, Anifa mwanangu, juzi nimeiona umeiegemeza mlangoni pa kituo imekunjwa, na Bakari alikuwa anapita na mashine yake. Alisimama. Aliitazama sana, na sura yake ilikuwa ya huruma. Alipoona namwangalia akacheka mpaka akakaa chini, lakini wewe baiskeli yako iingize ndani.